Mishumaa Iliyomkalisha Mama

Kwa nini mama yangu, aliyekataa agizo la daktari, alitii mishumaa ya dini isiyo yake? Desemba ile nilijiuliza kila jioni na sikupata jibu.

Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo Moshi mjini. Daktari alimwambia asiiname wala kubeba kitu mpaka kidonda cha ndani kifunge. Tukampandisha nyumbani, na kesho yake nikamkuta kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, panga mkononi, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache nyuma na nilikuwa na hoja kwa kila kitu. Nilimchorea misuli ya tumbo kwenye karatasi, nikamwonyesha mshono ungeachia wapi.

"Mchoro mzuri," akasema. "Sasa ng'ombe atakula huo?"

Krismasi ilikuwa inakaribia. Ukoo mzima ungepanda kutoka Dar na Arusha, na mama hakuona angelalaje wakati nyumba inasubiri watu. Nilikuwa naogopa kweli.

Chumba cha uani tulikuwa tumempangisha mama mmoja wa Kiyahudi, nesi mstaafu aliyekuja kufundisha kwa muda. Kiswahili alikijua tangu ujana wake, alipowahi kufanya kazi nchini. Jioni moja aliomba kipande cha mgomba. Akakilaza dirishani sebuleni, akatoboa matundu tisa kwa kisu, akachomeka vishumaa viwili vyembamba: kimoja cha usiku wa kwanza, kingine cha kuwashia wenzake. Kila jioni kingeongezwa kimoja, mpaka usiku wa nane. Ni Hanuka, alisema. Mfalme mmoja aliwakataza Wayahudi dini yao na kulitia unajisi hekalu. Wakapigana, wakalirudisha, wakakuta mafuta safi ya kuwasha taa siku moja tu. Yakawaka siku nane.

"Nani aliyapima?" nikauliza.

Mama akanikata jicho. Mgeni akacheka mpaka akashika meza. "Hilo swali la Kiyahudi kabisa. Kaa hapa."

Nikakaa, na sikunyamaza tena. Kama mafuta yalitosha siku moja, basi siku ya kwanza hapakuwa na muujiza. Kwa nini wahesabu nane? Akaniambia watu wao wamebishana juu ya hilo mamia ya miaka na bado wanaendelea. Dini inayobishana na yenyewe! Nilitamani kuruka.

Ndipo mama akanyanyuka kwenda kuosha vyombo.

"Hapana, dada," mgeni akasema. "Taa hizi zikiwaka, wanawake hawafanyi kazi."

"Wanawake wote?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Na wanaume?"

"Wanaume wanaendelea tu."

Mama mdogo, aliyekuja kumuuguza dada yake, akapiga vigelegele. "Hii dini ilikuwa wapi siku zote?"

Mama aliitazama milango yote miwili kama anayetafuta wa kumtetea. Kisha akakaa, akajifunika kanga magotini. "Siwezi kumharibia mgeni sikukuu yake," akasema.

Lakini vile vishumaa viliisha upesi, naye akarudi jikoni. Kesho yake mama mdogo akashuka mjini, akarudi na katoni ya mishumaa minene, ile tunayonunua umeme ukisumbua, inayowaka jioni nzima. Akaitua mezani kwa fahari. Mgeni akaitazama, akamtazama mama alivyojishika tumbo, akasema tu, "Haya." Akachukua kisu, akapanua matundu.

Nyumba ikageuka: kazi za mchana alizishika mama mdogo, za jioni zikawa za wanaume. Baba, aliyepandisha watalii mlimani maisha yake yote, sikuwahi kumwona amebeba majani ya ng'ombe. Sasa alipita njiani na mzigo kichwani, jirani akamchungulia juu ya ua wa mimea ya masale.

"Mzee, umeolewa lini?"

"Nyamaza. Kwangu kuna sikukuu."

"Sikukuu gani tena?"

"Ya mgeni. Wanawake wamegoma kwa kibali cha Mungu."

Maandazi mama mdogo aliyakaanga mchana, maana chakula cha Hanuka ni cha mafuta, na jioni tuliyala tumekaa, dirisha likizidi kung'aa. Usiku wa nane mishumaa yote ilipowaka, nilimkuta mama amelala fofofo kwenye kochi. Sikuwahi kumwona amelala na sisi tuko macho. Nilisimama mlangoni, moyo unadunda kwa furaha, nikamzuia baba asigonge ndoo.

Aliporudi hospitali kuangaliwa, kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Nesi wa huko akamsifu kwa utii.

"Si mimi," mama akamjibu. "Ni mishumaa."

Mgeni wetu aliondoka baada ya mwaka mpya. Ilipita miaka kadhaa kabla sijasoma, nikitafuta hoja ya ubishi mwingine kabisa, kwamba kwa familia nyingi za Kiyahudi mapumziko hayo ya wanawake ni ya nusu saa ya kwanza tu, mishumaa iwe mirefu kiasi gani.