Kabla ya Kula

Kila nikisikia harufu ya makande, namkumbuka mama kwenye kibaraza cha duka, pale Same mjini. Tulishuka mlimani kutafuta sukari, tukaikosa, na gari la kurudi halikuja. Tangu tumzike baba, mama alikuwa ameacha kusali. Jumapili alishinda shambani.

Mwanamke wa Kiislamu, muuza mitumba, alitukaribisha makande yake. Akatugawia vijiko, chake akakiweka chini.

"Omba kwanza, dada. Nyie si huwa mnaomba?"

Mama alikitazama kijiko chake mpaka chakula kikaanza kupoa. Kisha akafumba macho, akasema, "Baba yetu," akalia, akaendelea mpaka amina.

Jumapili ile jembe halikutoka ndani.

Siku hizi napika makande ya kunitosha mwenyewe. Nikishapakua, naweka kijiko chini, nasubiri. Hasemi mtu. Basi naomba.