Fataki Zikizimika, Bi Uzi Hugonga Ukuta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Moshi umelala chini katika uwanja wa sherehe, mzito kama blanketi lililolowa, na wala hauna haraka ya kuondoka. Taa ya mlinzi pale getini inaonekana kama kiini cha yai. Ndani ya moshi huo wanawake sita, vitambaa vimefungwa puani, wanafagia mabaki ya fataki za harusi ya jana.

Mmoja wao anaacha kufagia. Anauendea ukuta wa nyuma, anageuza fagio lake na kuugonga kwa mpini. Ngo, ngo, ngo. Anatega sikio, pumzi ameizuia.

Kutoka upande wa pili linakuja jibu: ngo, ngo.

"Yupo," anasema, na mabega yanashuka. "Haya, tuendelee."

Wenzake wanamwita Bi Uzi. Juu ya mpini wa fagio lake amefunga uzi mwekundu, urefu wa kidole. Uzi ukicheza anajua upepo unatoka wapi, naye hufagia akiupa mgongo, vumbi limtangulie. Leo uzi umening'inia tu, kama mkia wa panya aliyekufa.

"Siku kama hii ndiyo ninayoiogopa," anasema. "Pasipo upepo moshi hauna pa kwenda. Unabaki nasi. Na mzee wangu yuko humo ndani nao."

Mzee wake, fundi rangi aliyeacha kazi kwa sababu ya pumu, amelala nyuma ya ukuta huohuo. Ukuta wa uwanja ndio ukuta wa chumba chao, na kitanda kimeegemezwa hapo. Chumba kina mlango mmoja na dirisha moja, na dirisha lenyewe halifungiki sawasawa. Kona ya chini limeshindiliwa kitambaa.

"Tulipohamia tulishukuru sana," anakumbuka Bi Uzi, ambaye kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi. "Natoka mlangoni, nakata kona, niko kazini. Silipi nauli. Nani alijua?"

Wakati ule fataki zilikuwa za mara moja moja. Siku hizi ni kila harusi, kila duka linalofunguliwa, kila timu ikishinda.

"Hata siku ya kuzaliwa ya mtoto asiyejua kutembea!" anadakia mwenzake mmoja mnene, anayeitwa Tarumbeta kwa sababu hajui kunong'ona. "Mtoto mwenyewe alilia mwanzo mpaka mwisho. Sasa walimfurahisha nani?"

Wanawake wanacheka, kicheko kinageuka kikohozi, na kwa kitambo hakuna anayefagia.

Hofu ya Bi Uzi ina chanzo chake. Wafagiaji wana desturi yao ya siku nyingi: vile vibomba vya karatasi ngumu vinavyobaki baada ya fataki kulipuka huvikusanya na kwenda navyo nyumbani. Ni vikavu, ni vinene, vinashika moto upesi kuliko kijiti chochote, na wao huvigombea kama nyama ya shughuli. Bi Uzi alikuwa na gunia zima chini ya kitanda.

Asubuhi moja, baada ya sherehe kubwa, mumewe aliamka akamwonea huruma. Akataka mkewe akirudi akute chai tayari. Nje manyunyu yalikuwa yakishuka, kwa hiyo akaliingiza jiko la mkaa ndani, akaliwasha kwa vibomba vile. Baadhi vilikuwa bado na baruti isiyoungua.

"Kimoja kikatema cheche za kijani," anasimulia mzee. "Nikasema, lo, sherehe imenifuata mpaka jikoni!"

Hakupata nafasi ya kucheka. Bi Uzi alipofungua mlango alikuta chumba cheupe kwa moshi, na mumewe sakafuni, midomo rangi ya majivu, akitafuta hewa kama samaki aliyetupwa nchi kavu.

Muuguzi aliyewapokea zahanati anaikumbuka siku ile. "Rangi zile zinazopendeza angani ni za madini," anaeleza. "Zikiungua, moshi wake unabeba vumbi jembamba mno. Pua hailizuii, linashuka mpaka ndani ya mapafu. Mtu mzima wa afya atawashwa koo na macho. Mwenye pumu tunaweza kumpoteza."

Kila asubuhi baada ya fataki, anasema, benchi lake hujaa watoto, wazee na wafagiaji.

"Aliniambia, 'Mama, safari nyingine msichelewe hivi,'" anasema Bi Uzi. "Akanyamaza. Kile alichokinyamazia ndicho kinachoninyima usingizi."

Tangu siku hiyo hachukui kibomba hata kimoja. Vyote hutumbukizwa kwenye pipa la maji. Na kila baada ya kufagia safu moja hugonga ukuta. Amemsihi mumewe siku za fataki akalale kwa dada yake Bi Uzi, ng'ambo ya kilima. Mzee amegoma.

"Nimkimbie nani?" humjibu. "Nikawe mzigo kwa shemeji yangu, anihesabie vijiko vya sukari?"

Kumepambazuka sasa, lakini jua ni duara jekundu lisilo na makali. Msimamizi wa uwanja anaingia na viatu vyake safi, leso puani.

"Jamani, saa tatu kuna wageni wengine! Bi Uzi, unafagia au unabisha hodi?"

"Vyote viwili, bosi."

Anaugonga ukuta. Ngo, ngo, ngo.

Kimya.

Anagonga tena, kwa nguvu. Chokaa inamwagika. Anaweka sikio ukutani. Tarumbeta ameacha kufagia. Hata msimamizi amesimama, mdomo wazi. Hakuna jibu.

Bi Uzi anatupa fagio. Anatoka getini mbio, kiatu kimoja kinamvuka, hakirudii.

Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kila pumzi inapiga filimbi. Anaonyesha chini kwa kidole: pampu yake ya dawa imedondoka na kubingirika uvunguni, naye hakuweza kuinama. Bi Uzi analala kifudifudi, anaitoa, anaitikisa, anaitia kinywani mwa mumewe.

"Vuta, baba. Taratibu. Nitazame mimi. Tena. Vuta."

Nje, Tarumbeta anaita pikipiki, na mtaa mzima unaamka. Safari hii hakuna anayemwambia apunguze sauti.

Adhuhuri inawakuta zahanati. Kifua kimefunguka, muuguzi amemwondolea barakoa ya oksijeni. Neno la kwanza la mzee ni utani.

"Nilikusikia ukigonga. Nikasema, huyu mwanamke leo atabomoa nyumba ya watu."

Bi Uzi hacheki. Mikono yake ni nyeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko.

"Sikuweza kujibu, mama watoto," mzee anaongeza polepole. "Nilitaka, sikuweza. Nilidhani ndiyo basi."

Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine, na matangazo ya fataki yamekwisha kubandikwa getini. Wafagiaji wamekubaliana: uwanja umwagiwe maji kwanza, na wao waingie moshi ukishapungua. Msimamizi amesema atalifikiria. "Alifikirie akiwa ameshika fagio," anasema Tarumbeta.

Jioni, chumbani, dirisha na mlango viko wazi. Bi Uzi anafunga begi la mumewe: mashati mawili, pampu, pampu ya akiba. Safari hii mzee habishi kuhusu shemeji wala sukari. Anamtazama tu.

"Na wewe je?"

"Mimi nina kazi."

"Kazi ipi? Ya kuuvuta ule moshi wote kabla haujanifikia?" Mzee anamshika mkono. "Unadhani sisikii usiku unavyokohoa, mdomo umeufunika kwa mto? Mapafu yako ni ya bati?"

Bi Uzi anabaki amesimama. Anafungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kinamtoka kikohozi kirefu, kikavu, kinachomkunja mpaka anashika nguzo ya kitanda. Kinapokwisha, hofu iliyo machoni mwa mume ni ileile aliyokuwa nayo mke asubuhi.

"Jumatatu nitakwenda kwa muuguzi anipime," anasema hatimaye.

Kisha anaifungua tena zipu ya begi, analaza gauni lake juu ya mashati ya mumewe, na kuifunga.