Maziwa ya Kuosha Zebaki

Mpaka leo nikimwona mtu kabeba chupa ya maziwa kumpelekea mchoma dhahabu, natamani nimpokonye niyamwage. Pale machimboni Mwakitolyo kila anayechoma dhahabu anakunywa maziwa. Wanasema yanaosha moshi wa zebaki tumboni. Mume wangu alikuwa mchomaji, na akiumwa chochote, kichwa, kifua, hata kisigino, jibu lilikuwa hilo hilo: zebaki hiyo, leteni maziwa.

Kazi yake ilikuwa ya macho. Anaweka donge la dhahabu na zebaki kwenye kikaango, moto unapanda, zebaki inaruka, naye anatazama rangi mpaka aseme imeiva. Wanunuzi walimwamini kuliko mizani yao. Macho yale ndiyo yaliyotulisha na kusomesha watoto.

Na presha aliambiwa anayo! Muuguzi wa zahanati alimpima siku tuliyompeleka mtoto kliniki, akashtuka, akampima tena, akampa vidonge. Akameza mpaka vikaisha, kichwa kikatulia, akatangaza amepona. Nilipomwambia akachukue vingine alinicheka.

"Dawa ikiisha na ugonjwa umeisha. Au unataka nimeze mpaka nife?"

Mama mkwe naye akadakia kwamba presha ni ya watu wenye mawazo. "Ng'wanawane, mwanangu huyu, ana mawazo gani?"

Kweli hakuwa nayo. Mawazo yote nilikuwa nayo mimi.

Kichwa kilirudi, kikawa cha kila asubuhi. Miguu ikavimba, mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia. Nikasema twende hospitali, akasema tumalize kwanza mzigo wa watu. Halafu siku moja, yuko kwenye moto, akanivuta mkono na kuninong'oneza, "Hebu angalia, imeiva?" Nikatazama kikaango. Ilikuwa imeiva zamani, njano kabisa, hata mtoto angeiona. Yeye alikuwa anaona ukungu mtupu.

Mnadhani tulikimbilia hospitali? Wenzake walikuja na maziwa. Mmoja alileta ya ng'ombe aliyezaa juzi, eti hayo ndiyo yenye nguvu. Nyumba ikajaa chupa na wao wamekaa wanapiga soga, mume wangu anapapasa kikombe. Nikashindwa kuvumilia. Niliwafokea watu wazima, wengine wa kuamkiwa shikamoo, nikawatoa nje, nikakodi gari.

Mjini Shinyanga tulipokelewa na daktari, binti wa umri wa mdogo wangu. Alimpima presha mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akamwita mwenzake. Kisha akammulika ndani ya macho, kwa muda mrefu.

"Mama, mishipa midogo nyuma ya macho imepasuka, na neva ya jicho imevimba pande zote mbili. Figo nazo zinachuja kwa shida. Si wengi wanaofika hapa wakiwa hivi. Wengine huwahi, wengine hufa kwanza."

"Ni zebaki?" mume wangu akauliza.

"Zebaki ni sumu, uache kuivuta. Lakini hii ni presha, baba. Imekaa bila dawa."

"Nitaona tena?"

"Mwanga unaweza kurudi kidogo. Kutambua rangi, sitakudanganya."

Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira. Ugonjwa gani huu usio na adabu, unaingia kwa mtu bila hodi, unakula figo, unakula macho, na mwenye nyumba anajisifu kwamba ni mzima? Niliuchukia, na nikamchukia yeye pia kwa kile kicheko chake. Nasema ukweli.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinikalisha na kunifunga ile mashine ya presha mkononi. Akatazama, akarudia.

"Na yako iko juu sana, mama. Kichwa kinauma?"

"Hapana. Siumwi popote."

"Ndivyo inavyokuwa. Unaanza dawa leo, na huachi."

Mume wangu alikuwa kwenye benchi, anasubiri nimshike mkono nimwongoze mlangoni. Akasema, "Mwache, daktari. Huyu si unamwona ni mzima? Twende nyumbani, watoto wanatusubiri."

Nilimgeukia. Niliyoyasema siyakumbuki yote. Kisha nikaomba maji, nikameza kidonge changu cha kwanza nikiwa nimesimama mbele ya uso wake, macho yake yamenielekea, hayaoni kidonge wala mimi.

"Vipi," akauliza, "twende sasa?"