Muhuri wa Fundi Pasi

Jina la Pasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu mlango wa gari uliokunjamana kama shati la mlevi ukiingia kwenye gereji yake, ulitoka umenyooka, na hata ukipitisha kiganja usihisi kitu. Miaka ishirini na sita amekuwa akinyoosha bodi za magari. Masikio yake yamechoshwa na nyundo kiasi kwamba mkewe akiwa na neno la maana humzungukia mbele kwanza, ndipo aseme. Haibi vipuri vya watu. Hana tabia ya "njoo kesho". Kosa lake lilikuwa moja tu, tena dogo kiasi cha kuenea kwenye muhuri.

Muhuri huo aliuchongesha kwa uvivu. Kila gari lililokwisha alitakiwa atoe karatasi ya kazi ipelekwe kwa kampuni ya bima, na mkono wake uliojua nyundo haukuelewana na kalamu. Basi chini ya orodha fupi ya kazi, badala ya maelezo, akawa anagonga wino wa buluu: GARI LIMERUDI KAMA HALIJAGONGWA. Wateja waliupenda muhuri ule. Madalali wa magari waliupenda zaidi. Kulikuwa na mmoja aliyemletea magari mawili matatu kila mwezi, ambaye humwonyesha mnunuzi karatasi hiyo huku kidole gumba kimekalia orodha ya kazi. Pasi alijua. Alijifanya hajui, na kujifanya hujui ni kazi kama kazi nyingine, ina mshahara wake.

Siku moja akaingia Mwalimu, mama anayefundisha Kiswahili shule ya sekondari. Gari lake lilikuwa limegongwa kwa nyuma na lori la unga, yeye akiwa amesimama kwenye taa. Bima ya lori ililipia matengenezo, Pasi akatengeneza, wakaachana vizuri. Sasa alikuwa amerudi na bahasha.

"Fundi, umenimaliza."

"Nimefanya nini tena, Mwalimu? Gari limeharibika?"

"Gari zima. Karatasi yako ndiyo mbovu."

Akaketi juu ya tairi bila kungoja kukaribishwa, akaeleza. Alitaka kuuza gari lile anunue lenye mlango mpana, kwa sababu mama yake sasa anatembea kwa kiti cha magurudumu na kumwinua kila safari kumeshamvunja mgongo. Mnunuzi alikuja na kidude cha kupima unene wa rangi. Mlango wa mbele ukasoma namba ya kawaida, ubavu wa nyuma ukasoma mara tatu yake. Mnunuzi akakata bei kwa moja ya tano. Hakusema gari ni baya. Alisema tu kwamba limeshagongwa, na siku akiliuza naye ataulizwa. Kwa pengo hilo, gari la mlango mpana lilikuwa halinunuliki. Mwalimu akaandika kwa bima ya lori kudai fidia ya thamani iliyopotea. Wakamjibu kwa barua ya mistari minne: fundi mwenyewe amethibitisha gari limerudi kama halijagongwa, kwa hiyo hakuna thamani iliyopotea.

Pasi alisoma barua mara mbili. Alijisikia kama mtu aliyekutana na sauti yake mwenyewe ikimsengenya.

"Lakini nimepata pa kuwashika," Mwalimu akasema. "Hilo neno 'kama'. Kitu kikiwa kama kingine, basi sicho. Mtu akikwambia unanukia kama waridi, hajasema wewe ni ua."

"Mimi nanukia thina ya rangi, Mwalimu."

"Hata hivyo. Alhamisi tuko mbele ya mwamuzi wa malalamiko ya bima. Nitawafundisha kidato cha kwanza pale pale. Wewe njoo useme ndiyo, nilimaanisha hivyo. Basi."

Habari hazikai gereji. Kesho yake dalali alikuja kutazama magari yake mawili, moja limepakwa rangi ya msingi tu, akamvuta Pasi kando.

"Kaka, nenda ukaitikie hiyo 'kama' yake, urudi. Usianze hadithi za chesisi kupinda. Ukisema kwa mdomo wako kwamba gari lililopita hapa lina kovu, mimi nitauza nini?"

Pasi akasugua puti ya kuzibia mabonde, iliyomkaukia kwenye kucha. Jioni, mkewe akisuuza vyombo, Pasi akamsimulia yote, akamwuliza alivyoona yeye.

"Ingekuwa mnunuzi ni wewe," mkewe akasema, safari hii bila kumzungukia mbele, "ungetaka kuambiwa?"

"Ningetaka."

"Basi unaniuliza nini? Nipe hiyo sufuria."

Alhamisi wakakaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyotikisa kichwa bila kuleta upepo. Mwamuzi alikuwa mzee wa miwani mbili, moja machoni na nyingine mfukoni. Ofisa wa bima akasema kwamba mtu wa kawaida akisoma muhuri ule anaelewa jambo moja tu, gari ni zima. Mwalimu akasimama, akafundisha. Alifundisha vizuri hata karani akaacha kuandika, akawa anasikiliza.

Mwamuzi akamgeukia Pasi. "Fundi, mwenye muhuri ni wewe. Ulipokuwa unaugonga ulimaanisha nini?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, ndiyo, lingempa Mwalimu haki yake, na dalali angebaki rafiki. Wengi wetu tungepita hapo tukijipongeza kwa akili. Pasi akasimama.

"Nilimaanisha watu waamini halijagongwa."

Mwalimu akamtazama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ofisa wa bima akaanza kutabasamu.

"Lugha anayoieleza Mwalimu ni sahihi," Pasi akaendelea, "lakini mimi sikuwaza lugha. Nilijisifu, na wengine wakauza magari kwa sifa hiyo. Ukweli wa gari lenyewe ni huu. Chesisi ya nyuma kushoto ilipinda, nikaivuta kwa mashine. Ubavu niliukata, nikachomelea kipande kingine, nikapaka puti, nikapaka rangi. Kazi ni nzuri, nitaitetea popote. Ila chuma kilichokatwa kikaungwa si chuma kisichokatwa. Mimi niliyekiunga nisingelinunua gari hilo kwa bei ile ile." Akamgeukia ofisa. "Wewe ungelinunua?"

Tabasamu la ofisa likarudi lilikotoka. Akafungua faili na kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Mwamuzi aliamua siku hiyo hiyo. Hakutoa chote, alisema gari lilikuwa na umri wake na mikwaruzo yake kabla ya lori. Akaamuru bima ilipe robo tatu ya kilichodaiwa. Pia akaandika kwamba muhuri wa aina ile usipokelewe tena kama ushahidi wa chochote.

Nje, Mwalimu alihesabu kichwani, akaona kwa nyongeza kidogo mlango mpana unapatikana. Hata hivyo hasira ilikuwa bado.

"Umeniharibia somo langu."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Lilikuwa somo zuri."

"Zuri mno. Nilibakiza kidogo tu nijibu ndiyo."

Asubuhi ya Ijumaa dalali alifika na gari la kuvuta na vijana wawili. Hakusalimu. Akaonyesha kwa kidole magari yake yote mawili yaondolewe, likiwemo lile la rangi ya msingi, ambalo milango yake ilikuwa bado imeegeshwa ukutani.

"Wewe hujui kuishi na watu," akasema.

"Usinivuruge, nahesabu," Pasi akajibu. Alikuwa amechuchumaa na kopo la skrubu za milango. Zilipotimia kumi na saba akalifunga kopo, akamkabidhi, kisha akashika bampa la nyuma la gari la kwanza kwa mikono miwili kuwasaidia vijana kusukuma.