Swali Nililouliza kwa Ukali

Mwanangu unayeanza udaktari, keti nikusimulie aibu yangu moja. Bora uicheke kuliko uirudie.

Nakumbuka enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, maduka ya dawa yalikuwa yamefumuka kila kona ya Mwanza, nami nilikuwa daktari mpya mwenye kiburi cha kutosha wodi nzima. Akaja mama mmoja kijana kutoka Nansio na mtoto wa miezi saba. Homa ilikuwa wiki ya tatu, kwinini haikufua dafu. Kifuani nilisikia mvumo usio wa kawaida, nikahofia jambo la nadra: bakteria wameshika moyo. Kuwajua kulihitaji damu ioteshwe maabara, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa ingeweza kuwaficha.

"Umempa dawa za dukani?" nilimfokea. "Maana nyie hamsikii!"

"Hapana, daktari," akajibu, macho chini.

Damu haikuotesha kitu. Nami, mjuaji, nikaandika kwamba si bakteria, nikaanza kutafuta kifua kikuu. Mtoto akazidi kunyong'onyea, hata kulia akaacha. Niliogopa, lakini sikumwambia mtu.

Muuguzi wetu mzee, Mama Nyamizi, ndiye aliyeketi na yule mama, akampakata mtoto, akauliza habari za nyumbani. Kisha akasema, "Mwanangu, sote huwa tunajaribu kwanza wenyewe. Wewe ulijaribu nini?"

Mama akaangua kilio, akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kapsuli za antibiotiki, zile tulizoziita "rangi mbili". Alikuwa akimchanganyia mtoto unga wake kwenye uji kila asubuhi, hata pale wodini.

Mama Nyamizi akanivuta pembeni. "Daktari, ulimuuliza kama polisi, naye akakujibu kama mshtakiwa."

Tukasimamisha kapsuli, tukachukua damu upya mara tatu, na safari hii bakteria wakaota. Alichomwa sindano wiki sita. Siku homa iliposhuka, mtoto alidai ziwa kwa makelele, nami nikajifungia stoo ya mashuka nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi!

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujauliza, keti, salimia, umpe mama nafasi ya kusema alichofanya bila kuona haya. Na majibu ya maabara yakipingana na ulichosikia kifuani, rudi ukamuulize tena. Mungu akujalie ulimi wa taratibu, na kina mama wakuambie ukweli mapema kuliko nilivyoambiwa mimi.