Swali la Mzee wa Kishanda

Wiki iliyopita, katika kliniki moja ya Muleba, daktari wa kike alitufundisha wanaume kuhusu tezi dume. Alipokaribisha maswali, tukainamia viatu. Akasimama mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Kishanda, aliyekuja na mkewe.

"Daktari, niliambiwa kulala na mke kunavimbisha tezi. Mwaka mzima nalala chumba kingine. Ni kweli?"

"Si kweli, tata," daktari akajibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Tendo la ndoa halivimbishi tezi."

Mzee akavua kofia, akamgeukia mkewe. "Nisamehe. Niliona aibu kukueleza."

"Nilidhani umenichoka," mkewe akasema taratibu, akamshika mkono.

Hapo mikono mingine sita ikanyooka. Mmoja ulikuwa wangu. Naandika safu hii gazetini kila wiki, lakini swali langu nilikuwa nimelificha tangu Krismasi.