Kinanda Kilichopakwa Mafuta

Kanisa letu la Bondeni lilinuka dawa ya nondo. Harufu ilitoka kwenye kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kinanda cha umeme pale mbele, kinanda kilichonunuliwa kwa pesa za chai na mandazi ya mama yangu na wanawake wenzake, waliyouza kila Jumapili baada ya ibada. Siku kilipofika, wazee walikipaka mafuta na kukiombea hadi jasho likawatoka. Tangu hapo kikawa chombo cha Bwana, na ufunguo wa kanisa ukakaa mfukoni mwa Mzee Barnaba, mwenyekiti wa wazee.

Nilikuwa darasa la tano na nilikitaka kinanda kile kuliko nilivyotaka viatu. Mama, aliyeuza mitumba karibu na nyumbani, aliweka aibu kando akawa anauliza kila mteja aliyeonekana wa maana, "Kastoma, unajua mtu anafundisha piano?" Wengi walicheka. Mmoja alitaka kujua kama tumeshiba kwanza. Hatimaye mwanamke aliyekuwa akipekua masweta akamtaja Mwalimu Rhoda, mstaafu aliyeishi peke yake kule Milimani na piano ya mbao sebuleni. Tulipoenda, mwalimu alibonyeza sauti moja moja, nami nikaziimba zote. "Huyu ana sikio," akamwambia mama. "Nitamfundisha. Lakini kama hana mahali pa kufanya mazoezi kila siku, msinipotezee wakati." Wakakubaliana kwamba mama angemfulia nguo kila Jumamosi wakati mimi niko kwenye somo.

Mahali pa mazoezi palikuwa pamoja tu, kanisani. Mzee Barnaba alimsikiliza mama huku akichezesha ufunguo mfukoni. "Mama Njeri, hii kinanda tuliipaka mafuta mbele ya kanisa yote. Sasa mtoto aichezee hizo ting-ting hazina Yesu?" Mama hakubishana. Alifikiri kidogo, akasema, "Mzee, basi ataweka Yesu." Ndivyo nilivyojifunza kupanda ngazi ya muziki nikiimba, kila kidole na silabi yake: Bwa-na Ye-su a-si-fi-we. Sauti nane, silabi nane, zikatoshana kama zimepimwa. Nikashuka kwa maneno yale yale. Mzee alikaa nje kwenye benchi akitikisa kichwa kwa ibada, na mimi na mama tukirudi nyumbani tulicheka hadi machozi. Sijawahi kumwona mama akijivunia kitu namna ile.

Shida ilikuwa Milimani. "Funga mdomo, Njeri," Mwalimu Rhoda alikuwa akisema. "Vidole ndivyo vinacheza." Alikuwa amepanga wanafunzi wake wacheze mbele ya wazazi, akanionya kwamba nikifungua mdomo siku hiyo sitacheza. Basi nikaenda kanisani, nikabana midomo, nikafanya mazoezi kimya. Sikufika mbali. Mzee Barnaba aliingia, akang'oa waya ukutani. "Leo unachezea nani?" Nilikuwa mtoto, nikasema ukweli: "Mwalimu." Jumapili alilirudia jibu langu mbele ya kanisa zima, na wanawake waliokaanga mandazi pamoja na mama wakainamisha macho. Kanisa halikufunguliwa tena kwa ajili yangu. Mwalimu Rhoda alisema tu kwamba alikuwa ametuambia mapema. Mama akamfulia nguo mara ya mwisho, akazikunja vizuri, akarudi nyumbani.

Kinanda kiliishia kuliwa nyaya na panya chini ya kitambaa chake. Nilipoambiwa, nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha hilo. Leo nina piano nyumbani kwangu Naivasha. Mwalimu wa binti yangu nilimpata kwa simu kabla chai haijapoa, na mtoto anacheza mdomo ukiwa umefungwa, hakuna anayemuuliza anamchezea nani. Namwonea wivu, mtoto wangu mwenyewe. Akienda shule mimi hukaa pale na kujaribu kimya. Vidole hukwama katikati ya ngazi, kila mara, mpaka niyatamke yale maneno. Nina miaka mingi sijakanyaga kanisani. Juzi binti yangu alirudi mapema akanikuta. "Mum, kumbe wewe huomba?" Nilifunga piano nikatoka kuanua nguo.